Kusaka Sayari za Miamba Zinazozunguka Nyota Zao kwa Chini ya Siku Moja

Maswali ya wanaoanza huwa ni yaleyale. Je, lazima niwe na darubini? Lazima niwe nimesomea fizikia? Nimeona mwanga wa nyota umeshuka kwenye grafu, ina maana nimegundua sayari? Majibu ni hapana, hapana, na kuna uwezekano mkubwa kwamba hapana. Hilo la tatu ndilo lenye kazi, kwa hiyo ndilo litakalochukua nafasi kubwa humu.

Tutashughulika na kundi moja tu: sayari ndogo za miamba ambazo mwaka wake mzima haufikii saa 24. Kepler-78b humaliza mzunguko kwa saa 8 na nusu. K2-137b hutumia saa 4 na dakika chache. Zimeikaribia nyota kiasi kwamba upande wake wa mchana una joto la kuyeyusha mwamba. Ni adimu pia: katika nyota zinazofanana na Jua, takriban moja kati ya 200 ndiyo yenye sayari ya aina hii.

Hata hivyo, kwa mtu anayeanza mimi huzipendekeza hizi kuliko nyingine zote. Sayari iliyo karibu hivyo ina nafasi kubwa ya kupita mbele ya nyota yake tukiitazama kutoka hapa tulipo. Kwa Kepler-78b nafasi hiyo ni kama theluthi moja, ilhali mtu wa mbali anayetaka kuona Dunia ikipita mbele ya Jua angekuwa na nafasi ya nusu asilimia tu. Halafu inajirudia mno. Setilaiti ikiikodolea macho nyota kwa siku 27, sayari yenye kipindi cha saa 8 na nusu itakuwa imepita mara zaidi ya 70. Ishara iliyozama kwenye kelele (kuyumba kwa vipimo kusikotokana na sayari) huanza kuonekana ukiipanga mipito yote hiyo juu ya mwenzake.

Tatizo ni kwamba programu nyingi za kutafuta sayari zimewekewa mipangilio inayofaa sayari za polepole. Ukizitumia zilivyo, zinaweza kuifuta sayari yako kabla hujaiona. Hata mradi wa Kepler, darubini ya anga ya NASA, ulipitiwa na jambo hili: programu yake rasmi ilitafuta vipindi kuanzia nusu siku, na Kepler-78b, yenye kipindi cha siku 0.355, ilitangazwa mwaka 2013 baada ya watafiti kuipitia data upya kwa njia nyingine. Kwa hiyo kila mahali humu nitakapokupa namba ya kuweka, iweke. Usiiachie programu ikuamulie.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta ya kawaida. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha. Kama yako ni dhaifu, tumia Google Colab ndani ya kivinjari.
- Python ya msingi: kuendesha mistari ya kodi, kuelewa orodha na safu za namba. Zaidi ya hapo utajifunza njiani.
- Maktaba ya Lightkurve. Ukiisakinisha inakuja na astropy, numpy na nyingine zote utakazohitaji.
- Intaneti ya kupakulia data. Data za Kepler (zilizokusanywa 2009 hadi 2018) na za TESS (setilaiti ya NASA ya kusaka sayari, iliyorushwa Aprili 2018) zimehifadhiwa katika ghala la MAST huko Baltimore, Marekani. Ni bure na hazihitaji akaunti.
- Orodha za kukagulia: NASA Exoplanet Archive kwa sayari zilizothibitishwa, ExoFOP kwa zinazochunguzwa, VSX ya chama cha AAVSO kwa nyota zinazobadilika mwanga, na katalogi ya Gaia, setilaiti ya Ulaya, kwa ukubwa wa nyota na majirani zake.
- Daftari la kuandika kila nyota uliyoikagua na sababu ya kuikataa. Usilidharau. Bila hilo utajikuta unaikagua nyota ileile mara tatu.

Nadharia, kwa kiasi cha kukutosha

Sayari ikipita mbele ya nyota, mwanga hupungua kidogo. Upungufu huo tunauita kina cha mpito, nao ni sawa na nusukipenyo cha sayari gawanya kwa nusukipenyo cha nyota, kisha jibu linazidishwa kwa lenyewe. Dunia mbele ya Jua hupunguza mwanga kwa sehemu 84 kwa milioni. Dunia hiyohiyo mbele ya nyota kibeti nyekundu yenye moja ya tano ya upana wa Jua ingepunguza kama sehemu 2,100 kwa milioni. Ndiyo maana vibeti vyekundu vinapendwa.

Muda wa mpito nao hautokei tu. Kwa nyota kama Jua na kipindi cha saa 10, mpito huchukua saa moja na theluthi hivi. Kwa kibeti chekundu huwa ni kama nusu saa. Zikumbuke namba hizi mbili, zitakuokoa huko mbele.

Hatua za kufuata

1. Anza na sayari ambayo tayari inajulikana. Najua unataka kukimbilia nyota mpya. Usifanye hivyo. Usipojua ishara ya kweli inavyoonekana, kila kelele itakuwa sayari machoni pako. Ya kufanyia mazoezi ni LHS 3844b: kipindi chake ni saa 11 na dakika chache, nyota yake ni kibeti chekundu, na mpito wake una kina cha kama sehemu 4,000 kwa milioni. TESS iliiona katika awamu (kwenye kodi huitwa `sector`) yake ya kwanza kabisa ya uchunguzi, mwaka 2018.

2. Pakua data.

```
!pip install lightkurve
import lightkurve as lk
import numpy as np

orodha = lk.search_lightcurve("LHS 3844", mission="TESS",
                              author="SPOC", sector=1, exptime=120)
lc = orodha.download(quality_bitmask="default").remove_nans()
lc.plot()
```

Herufi SPOC zinataja kundi lililotayarisha data, na 120 ni sekunde kati ya kipimo na kipimo. Ukiacha kuzitaja, unaweza kuletewa data za watayarishaji tofauti zilizochanganyika, kila moja ikiwa imesafishwa kivyake.

Kasi ya vipimo ina uzito wa pekee kwa sayari hizi. Picha kamili za anga za TESS zilipigwa kila dakika 30 katika miaka miwili ya mwanzo, kisha kila dakika 10, na tangu Septemba 2022 kila sekunde 200. Mpito wa nusu saa ukipimwa kila nusu saa unakuachia nukta moja tu. Ukiwa na uchaguzi, chukua data za karibuni.

3. Safisha, lakini upande wa juu tu.

```
lc = lc.remove_outliers(sigma_upper=4, sigma_lower=20)
```

Nukta zilizoruka juu ni miale ya anga au milipuko ya nyota yenyewe, ziondoe. Zilizoshuka chini ziache, maana huko ndiko mipito iliko. Kosa la kawaida ni kukata pande zote mbili kwa kiwango kilekile, na kwenye vibeti vyekundu, ambako mipito ni mirefu kwenda chini, unakuwa umejikatia sayari yako mwenyewe.

4. Nyoosha grafu. Nyota nyingi zina madoa, na zikizunguka mwanga wake hupanda na kushuka polepole. Mawimbi hayo lazima yaondolewe bila kugusa mipito.

```
bapa = lc.flatten(window_length=501)
```

Hapa ndipo wengi huangukia. Namba ya 501 ni upana wa dirisha, yaani kipande cha data kinachonyooshwa kwa pamoja, nao huhesabiwa kwa idadi ya vipimo, si saa. Usipoiweka, Lightkurve hutumia 101. Kwa data za dakika 30 vipimo 101 ni siku mbili, hakuna shida. Kwa data za dakika 2 ni saa 3 na dakika 22, na hapo mpito wa saa moja na nusu unaanza kulika. Kwa data za sekunde 20 ni dakika 34 tu, na mpito wa nusu saa utanyooshwa pamoja na madoa usiuone tena. Mimi hulenga dirisha la kati ya nusu siku na siku nzima, na namba iwe witiri. Vipimo 501 vya dakika 2 ni kama saa 16 na dakika 42.

Chora grafu kabla na baada ya kunyoosha, uzitazame pamoja. Ukiona kingo za mpito zimepanda juu kidogo mithili ya mabega, dirisha lako ni dogo mno.

5. Tafuta kipindi. Njia inayotumika sana inaitwa BLS, iliyochapishwa na Kovács, Zucker na Mazeh mwaka 2002. Inachofanya ni kujaribu vipindi vingi, na kwa kila kimoja inatafuta kisanduku kilichoshuka.

```
vipindi = 1 / np.linspace(1/0.15, 1/1.1, 20000)
pg = bapa.to_periodogram(method="bls", period=vipindi,
                         duration=[0.015, 0.02, 0.03, 0.05])
pg.plot()
P = pg.period_at_max_power
t0 = pg.transit_time_at_max_power
print(P, t0)
```

Namba ziko katika siku. Nimeanzia 0.15, yaani saa 3 na dakika 36. Chini ya hapo sayari ya miamba ingesambaratishwa na mvuto wa nyota. Hata iliyojaa chuma haivumilii kwenda chini ya saa 4 kwa mbali. Nimeishia siku 1.1 ili zile za mpakani zisikuponyoke. Muda wa mipito nimeutaja mwenyewe, kuanzia dakika 22 hadi saa moja na dakika 12. Usipoutaja, programu itatumia muda mrefu zaidi, na kwa kuwa BLS haikubali muda wa mpito unaozidi kipindi, ukitaja muda mrefu itakulazimu uanzie vipindi virefu pia. Sayari za saa 4 hadi 7 zitakuwa zimepotea papo hapo.

Kwa LHS 3844 unapaswa kuona mnara mmoja mrefu karibu na siku 0.463, na minara midogo kando yake. Midogo hiyo mara nyingi ni mwangwi wa huo mkubwa.

6. Kunja data. Kila mpito uwekwe juu ya mwenzake.

```
kunjo = bapa.fold(period=P, epoch_time=t0)
kunjo.bin(time_bin_size=0.005).plot()
```

Kama kila kitu kimekwenda sawa, katikati utaona shimo lenye sakafu bapa na kuta zilizosimama. Ukubwa wa mafungu hapa ni siku 0.005, yaani dakika 7 na kidogo. Ukitumia mafungu ya nusu saa utalifukia shimo ulilolitafuta.

7. Sasa jaribu kuiua. Kwa LHS 3844 ni mazoezi tu. Kwa nyota mpya, hatua hii ndiyo ugunduzi wenyewe, na nyingi ya ishara zako zitafia hapa. Adui mkubwa ni nyota pacha zinazopatwana. Mbaya zaidi, pacha zilizogusana hupenda vipindi vya robo siku hadi nusu siku, palepale unapotafuta wewe.

Kunja kwa mara mbili ya kipindi, yaani `period=2*P`. Utaona mashimo mawili. Yakiwa na kina tofauti, una nyota mbili zinazopatwana kwa zamu na kipindi cha kweli ni maradufu ya ulichokipata. Nyingi huishia hapa.

Tazama nusu ya njia kati ya mpito na mpito. Nyota pacha ikipita nyuma ya mwenzake mwanga hushuka tena. Sayari nayo ina kupatwa kwa namna hiyo, ila ni kudogo sana: Kepler-78b ina mpito wa kama sehemu 200 kwa milioni na kupatwa kwa pili kwa kama sehemu 10. Ukipata shimo la pili lenye theluthi ya kina cha la kwanza, hiyo si sayari ya miamba.

Tazama pia mwanga nje ya mpito, na hapa tumia data ambazo hujazinyoosha. Nyota mbili zilizokaribiana huvutana zikawa na umbo la yai, na mwanga wake hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mzunguko. Sayari ndogo haina nguvu ya kufanya hivyo kwa kiwango utakachokiona kwa macho.

Linganisha muda wa mpito na aina ya nyota. Kipindi cha saa 10 chenye mpito wa saa 4 hakiwezi kuwa sayari ya nyota kama Jua. Jaribio hili ni la sekunde chache na sijui kwa nini watu hulipuuza.

Kisha majirani. Pikseli moja ya TESS ina upana wa sekunde 21 za pembe, na ndani yake hujibana nyota kadhaa. Fanya hesabu hii uone hatari ilivyo: jirani aliyefifia kwa magnitudi (kipimo cha mng'ao wa nyota) 8.5 kuliko nyota yako huchangia sehemu 400 tu kwa milioni za mwanga wake. Jirani huyo akiwa ni pacha zinazopatwana na kupoteza nusu ya mwanga, nyota yako itaonekana imeshuka kwa sehemu 200 kwa milioni, sawasawa na Kepler-78b. Kwa hiyo fungua Gaia, orodhesha kila nyota iliyo ndani ya dakika mbili za pembe, na kwa kila moja jiulize kama ina mwanga wa kutosha kuleta ishara uliyoiona. Halafu pakua picha za pikseli kwa `search_targetpixelfile`, toa wastani wa picha za ndani ya mpito kwenye wastani wa picha za nje, uone upungufu umekaa pikseli gani. Ukikaa kwa jirani, funga ukurasa. Ipo pia programu ya Python iitwayo TRICERATOPS inayokupa uwezekano wa kila dhana ukiwa na idadi, lakini iendeshe baada ya kutazama kwa macho, si badala yake.

Mwisho kagua VSX na ExoFOP. Huenda ishara yako ina jina tayari. Hilo si baya, maana yake mbinu zako zinafanya kazi.

Jambo moja la tahadhari upande wa pili: umbo la V peke yake si hukumu. Kepler ilipima nyota nyingi kila dakika 29.4. Mpito wa Kepler-78b ni wa kama dakika 49, kwa hiyo vipimo vya muda mrefu hivyo huusambaza mpaka kuta zinalala. Usiitupe sayari kwa kosa la kamera.

8. Kadiria ukubwa. Chukua mzizi wa pili wa kina, zidisha kwa nusukipenyo cha nyota, kisha zidisha kwa 109 upate jibu kwa vipimo vya Dunia. Kwa LHS 3844b: mzizi wa 0.0041 ni 0.064, nyota ina 0.189 ya nusukipenyo cha Jua. Jibu ni kama 1.3. Sayari yenye chini ya 1.6 kwa kawaida ni ya mwamba. Kati ya 1.6 na 2 bado kuna matumaini kwa vipindi hivi, kwa sababu mionzi ya nyota huwa imekwishapeperusha gesi. Ukipata 8 au 12, rudi hatua ya 7, kuna kitu umekiruka.

Nusukipenyo cha nyota kichukue Gaia au katalogi ya TESS, wala usikikisie. Ukikosea nyota kwa asilimia 20, sayari nayo imekosewa kwa asilimia 20.

9. Pandisha ugumu. Nenda Kepler-10. Sayari yake ya ndani, Kepler-10b, ilitangazwa Januari 2011, ina kipindi cha siku 0.84 na kina cha kama sehemu 150 kwa milioni. Katika siku chache za data huoni kitu kwa macho. Ukiikunja miezi kadhaa, inatokea.

```
lc = lk.search_lightcurve("Kepler-10", author="Kepler",
                          cadence="long").download_all().stitch()
```

Kepler-10b inapita kwa saa moja na dakika 48 hivi, kwa hiyo ongeza 0.08 kwenye orodha ya muda wa mipito. Kwa data hizi za nusu saa tumia dirisha la 49 hadi 101 badala ya 501.

Hapa kuna mtego mpya: data ndefu zinadai kipindi sahihi kupita unavyodhani. Chukua Kepler-78b. Katika miaka minne inazunguka mara zaidi ya 4,000. Ukikosea kipindi kwa sekunde moja tu, makosa yanajumlika mpaka mpito wa mwisho unakuwa umesogea zaidi ya saa moja, na mpito wenyewe ni wa dakika 49. Ukikunja, sayari imefutika. Dawa yake ni kutafuta kwanza ndani ya miezi mitatu, kisha kuongeza data kidogo kidogo huku ukitafuta upya katika eneo jembamba kuzunguka kipindi ulichonacho, kwa hatua ndogo kuliko mara ya kwanza.

10. Hamia nyota mpya. Ushauri wangu ni kuanza na vibeti vyekundu na vya rangi ya machungwa vilivyotazamwa na TESS katika awamu kadhaa, vyenye data za sekunde 200 au chini yake, na visivyo na majirani wang'avu. Epuka maeneo ya katikati ya Njia ya Maziwa. Huko nyota zimesongamana na utatumia siku zako ukiwafukuza majirani. Tumia awamu moja kutafuta, nyingine kuthibitisha. Ishara iliyotokea awamu ya kwanza ikakosekana ya pili, ingawa kipimo ni kizuri kilekile, iandike kwenye daftari na uendelee.

11. Peleka kwa wenye vifaa. Sayari tarajiwa iliyopita majaribio yote inaweza kuwasilishwa ExoFOP kama sayari tarajiwa ya jamii. Utahitaji akaunti, kipindi, wakati wa mpito, kina, muda, na maelezo ya majaribio uliyofanya. Hadi hapo usiseme umegundua sayari. Kuthibitisha mwamba kunahitaji uzito, na uzito unapatikana kwa kupima jinsi nyota inavyoyumbishwa. Kwa Kepler-78b nyota huyumba kwa chini ya mita 2 kwa sekunde. Timu mbili zilipima mwaka 2013, moja kwa kifaa cha HARPS-N kule La Palma, nyingine kwa kifaa cha HIRES cha darubini ya Keck kule Hawaii, zikapata msongamano unaokaribiana na wa Dunia. Kipindi kifupi kiliwasaidia: waliweza kupima mara kadhaa usiku mmoja, kabla madoa ya nyota hayajabadilika vya kutosha kuwavuruga.

Mambo yakikwama

*Mnara mkubwa uko kwenye siku 1.0 au 0.5 kamili.* Shuku mwanga wa Dunia unaopenya kwenye kamera za TESS. Dunia inapojizungusha mwanga huo nao hubadilika. Ondoa siku za mwanzo na mwisho za kila mzunguko wa setilaiti, wa siku 13.7, kisha tafuta tena.

*Sijui kama kipindi ni P, nusu yake au mara mbili yake.* Kunja kwa vyote vitatu. Kwenye nusu ya kipindi cha kweli utaona nukta za ndani ya shimo zimegawanyika makundi mawili, la juu na la chini. Kwenye maradufu utaona mashimo mawili yanayofanana. Hata mabingwa walishanaswa: 55 Cancri e ilipotangazwa mwaka 2004 ilipewa siku 2.8. Vipimo vilifanywa usiku tu, na nafasi za siku moja kati yake ziliunda kipindi cha uongo. Mwaka 2010 Dawson na Fabrycky walionyesha kwamba kipindi cha kweli ni kama siku 0.74, na mipito iliyoonekana 2011 ikawapa haki. Gawanya 1 kwa 0.7365, toa 1, kisha gawanya 1 kwa jibu hilo: unarudi kwenye 2.8 ileile.

*Periodogramu (grafu ya vipindi ya hatua ya 5) ni msitu wa minara, hakuna uliotawala.* Nyota yako ina madoa mengi au inapiga milipuko. Punguza dirisha la kunyooshea taratibu, lakini lisishuke chini ya mara tatu ya muda wa mpito unaoutarajia. Isiposaidia, iache nyota hiyo. Ziko nyingine.

*Nimefuata kila hatua na LHS 3844b haionekani.* Mara nyingi ni moja kati ya mawili: umepakua data za mtayarishaji mwingine, au umenyoosha mara mbili. Chapisha `lc.meta` usome jina la mtayarishaji, kisha endesha kodi yote upya kuanzia mstari wa kwanza.

*Utafutaji unachukua saa nzima.* Ni kawaida kwa Kepler ya miaka minne. Gawa vipindi katika vipande, kwa mfano 0.15 hadi 0.3, 0.3 hadi 0.6, 0.6 hadi 1.1, na kila kipande ukipe muda wa mpito unaokifaa.

*Kina kinabadilika kutoka mpito hadi mpito.* Mara nyingi ni dalili ya data chafu au mwanga wa jirani unaoingia na kutoka kwenye dirisha la kupimia, kwa hiyo anza kwa kukagua pikseli. Lakini usiifute haraka. Mwaka 2012 ilitangazwa KIC 12557548b, yenye kipindi cha saa 15.7, ambayo mipito yake mingine hufika asilimia 1.3 na mingine haionekani kabisa. Maelezo yanayokubalika ni sayari ndogo inayovukizwa na joto, ikiacha mkia wa vumbi unaoziba mwanga kila mara kwa kiasi tofauti. Ukiona kina kinayumba huku kipindi hakiyumbi hata kidogo, na shimo lina ukuta mmoja mkali na mwingine unaopanda taratibu, tafuta kwenye awamu nyingine zote za nyota hiyo kabla ya kuiandika kwenye safu ya zilizokataliwa.